Bangili Nyeusi za Bi Siwatu

Mwanamke mmoja alikuwa na bangili ishirini na mbili za fedha, na hakuna hata moja aliyoivaa. Jina lake Bi Siwatu. Alikuwa mpishi katika bweni la shule, kazi isiyo na pensheni, na kila shule ilipofungwa mwezi wa Desemba alipitia kwa sonara akanunua bangili moja. Hizo ndizo zilizokuwa akiba ya uzee wake. Alikuwa na kiwanja kidogo chenye kuta zisizo na paa, na nia yake ilikuwa moja tu: asizeekee katika chumba cha mtu.

Katika mji ule wanawake husugua fedha yao kwa majivu na mchanga kabla ya kila harusi, mpaka iwake. Kila msuguo huondoka na chembe, na hakuna anayejali. Bi Siwatu hakusugua. Bangili zake zikawa nyeusi tii. Wifi yake, Mize, alipoziona alicheka akashika mbavu.

“Hee, wifi! Hizi bangili au masufuria ya shuleni? Utaingia nazo harusi ya nani?”

Kisha bei ya fedha ikaanguka. Sonara alimweleza kuwa filamu za picha na za eksirei zilikuwa zikila madini mengi ya fedha viwandani, na sasa watu wameziacha. Wanawake wengi wakabadilisha fedha yao kwa bangili zilizopakwa rangi ya dhahabu. Mize akabadilisha zote alizorithi. Hakuwa mjinga. Aliipima fedha kwa macho ya watu wa harusini, kama mama yake alivyomfundisha.

Bi Siwatu aliumia. Masika mawili yalinyesha ndani ya kuta zake. Asubuhi moja alizifunga bangili katika kanga, akaenda mpaka mlangoni kwa sonara, akasimama. Akawaza kwamba kama fedha imeshuka kwa kukosa kazi, basi aliyekosa kazi huweza kuajiriwa tena. Akarudi nyumbani na furushi lake, bila kuwa na hakika.

Miaka ikapita. Mafundi wakaja kufunga paneli za sola juu ya jiko la shule. Aliwapelekea chai, akauliza ile mistari myembamba chini ya kioo ni ya nini. Fundi mmoja akamjibu kuwa ni fedha, na kwamba siku hizi viwanda vinaitafuta kuliko mabibi harusi. Bi Siwatu alikaa palepale juu ya gunia la maharage, akacheka peke yake.

Mwaka ule bei ikapanda, na mwaka uliofuata ikapanda zaidi. Akazipeleka. Sonara aliziweka kwenye mizani zikiwa nyeusi vilevile, na uzito wake haukupungua hata chembe. Kiwanda hakiulizi kama kitu kinang'aa. Mize naye akafika mbio, safari hii akiwa upande wake.

“Usiuze, wifi! Ngoja mwakani, itakuwa mara mbili!”

Bi Siwatu alijua kuwa kiwanda kilichojifunza kutumia kitu huweza pia kujifunza kukipunguza. Alitenga bangili nne, nyingine zote akazisukuma kwa sonara.

“Sikungojea bei, wifi yangu. Nilingojea paa.”

Paa likainuliwa kabla ya masika. Mvua ya kwanza ilipopiga kwenye bati, Mize ndiye aliyetoa kigelegele cha kwanza, na wanawake wa mtaa mzima wakakipokea mpaka barabarani. Bi Siwatu, mkavu kabisa, alicheza katikati ya chumba kisicho na hata kiti.

Nawe unayeweka akiba na kuuliza bei kila asubuhi, je, unajua unangojea nini?