Udongo wa Kwanza wa Daktari Nyamizi

Sogeeni, mnipe masikio. Mwisho nitawadai hukumu.

Mzee Lugusha, fundi viatu, alikuwa na mkono usiotetemeka. Mwalimu Perpetua alikuwa na jicho la kuona mbali. Milembe, muuza karanga, alikuwa na mtoto mmoja tu, Masele.

Lugusha alimwokota yatima Nyamizi, akamfundisha kushona viatu. Miaka kumi binti alishona soli za mji mzima, mshono mdogo kama punje ya ulezi.

Perpetua alileta kiatu kilichochanika, akautazama ule mshono, akasema, “Binti, mkono huu ungeshona watu.” Akamsomesha mpaka Nyamizi akawa daktari wa kwanza wa upasuaji wilayani.

Lakini nani angemwendea?

“Nikashonwe na fundi viatu? Si atanipaka na kiwi!” watu walicheka.

Milembe hakucheka. Utumbo wa Masele ulikuwa umejisokota. Akambeba, akamlaza mezani kwa Nyamizi. Siku ya tatu baada ya kushonwa, Masele akafa.

Nyamizi alikuja msibani, akapiga magoti. “Mama, niliukaza uzi kama nashona kiatu. Ukakata nyama. Kosa ni langu.”

Arobaini ilipopita, Milembe alirudi sokoni, akawaambia wenzake, “Wapelekeni wenu. Sasa anajua.”

Wakawapeleka. Miaka ishirini wakapelekwa, wakapona.

Leo Nyamizi amekufa, hana mume wala mtoto. Kwa desturi ya kwao, udongo wa kwanza hutupwa na mzazi, na ni mkono wa mtu mmoja tu. Kibwana, mtani wake Mzaramo, akajilaza kaburini, kama watani wafanyavyo misibani.

“Sitoki, Wanyamwezi nyie! Mzazi wa huyu nani?”

“Mimi,” alisema Lugusha. “Nilimpa mkono.”

“Mkono wa kushona ndala, babu!” alidakia Perpetua. “Njia nilimpa mimi.”

Waombolezaji wakacheka huku wakilia. Milembe alitazama kiganja chake. Kiliwahi kumtupia udongo Masele. Hakikuwahi kuomba kitu tangu siku ile.

“Wewe, Mzee, ulimfundisha kukaza,” alisema taratibu. “Wewe, Mwalimu, ulimfikisha mezani. Kulegeza alifundishwa na mwanangu.”

Kibwana akaacha utani, akapanda juu. Jeneza likashushwa. Wale watatu wameinama kwenye kifusi, na hakuna anayethubutu kuchota.

Je, wewe unayenisikiliza, ungemwambia nani atupe?