Kwa Nini Waimbaji wa Kirumbi Hujitaja

Mnawacheka waimbaji wetu kwamba hawana haya, kwamba hawamalizi ubeti wa kwanza kabla ya kutangaza majina yao na ya baba zao. Chekeni, lakini sikieni kwanza. Zamani hapa Kirumbi hakuna mtu aliyejitaja. Ukiulizwa jina mbele za watu ulinyamaza, na aliyekaa kuliani kwako ndiye aliyekutaja. Kujitaja kulikuwa aibu sawa na kujipakulia nyama mbele ya wageni. Desturi hiyo tuliiita adabu. Siku hizi mimi sijui niiite nini.

Alikuwapo Mghoi binti Mwandoe, mchota maji kwenye bomba la stesheni. Gari la moshi lilimchukua kaka yake kwenda kibaruani pwani, na kila liliporudi Mghoi alilitazama dirisha kwa dirisha. Kaka hakurudi. Basi akatunga wimbo, akiupigia kiganja kwenye ubavu wa debe, na sauti yake ikawa inakatika katikati ya neno kama mtu mwenye kwikwi, vile mabehewa yanavyoshtuka gari linapoondoka: “Limepita, limepi-hi-ta, halikuniona.” Watu walianza kwa kucheza, wakajikuta wanalia.

Wimbo huo akamfundisha Mwakio, kijana wa hapa hapa kijijini, kwa kuwa Mwakio alikuwa na gita na sauti inayofika mbali. Mwezi mzima alimrekebisha ile kwikwi, maana Mwakio alikuwa akiimeza.

Ndipo akaja mtu wa santuri, na lori lenye mashine ya kunasa sauti. Kijiji kizima kilikaa uani kwa chifu. Mwakio akaimba, Mghoi akapiga debe. Walipomaliza, mgeni akashika kalamu.

“Wimbo huu mtunzi wake nani?”

Mghoi akainamisha macho, akangoja. Kuliani kwake alikuwa Mwakio. Kumtaja ilikuwa kazi ya Mwakio, si ya mtu mwingine yeyote.

“Mimi,” akasema Mwakio.

Tuliona haya kwa ajili yake. Ndiyo, haya! Tukatazama chini kana kwamba amevuliwa nguo. Mama yake Mghoi alikuwapo, chifu alikuwapo, na mimi, mwanamwali mwenye meno yangu yote, nilikuwapo. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu hatukuwa tumekaa kuliani kwa Mghoi. Kalamu ikaandika.

Santuri ikavuma. Kila duka lenye gramafoni, kuanzia kwetu hadi pwani, lilipiga “Limepita”. Mwakio akahamia mjini, akavaa viatu vya rangi mbili, na wasichana wa shule wakawa wanaigiza kwikwi yake. Yake!

Mwaka uliofuata, katika arusi ya binamu yangu, sindano ya gramafoni ilivunjika wimbo huo ukiwa katikati. Mghoi alikuwa jikoni. Akatoka na debe, akauendeleza palepale ulipokatika mpaka mwisho. Bibi mmoja, mgeni wa upande wa bwana arusi, akampigia makofi.

“Hongera, mwanangu! Umemwiga Mwakio mpaka kwikwi!”

Mghoi akacheka, kicheko kibaya. Kisha akaanza upya, na palepale pa kwikwi akaweka jina lake: “Mimi Mghoi, bi-hi-nti Mwandoe, mimi niliyetunga.” Wazee wakaguna. Wengine wakaondoka na sahani zao.

“Umenivunjia heshima, Mghoi,” mama yake akamwambia.

“Heshima gani, mama? Siku ile ulinyamaza.”

Akaweka debe chini. Hakuimba tena mpaka tulipomzika.

Na tangu siku hiyo, mwimbaji wa Kirumbi hangoji mtu wa kuliani. Hujitaja mwenyewe ndani ya wimbo, mapema, watu wakiwa bado wanasikiliza. Wageni husema tunajisifu, na waseme tu.

Lakini wimbo ule ulishaondoka. Bado hupigwa redioni, na kila ukiisha mtangazaji humwombea marehemu Mwakio. Nami humjibu: ni wa Mghoi binti Mwandoe. Nasema kwa sauti kubwa kabisa, peke yangu jikoni, sasa ambapo hakuna mwenye kalamu anayeuliza.