Mbwa wa Senzota na Mkono wa Nakiete

Mlisha mbwa mlisha meno. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa baraza leo asubuhi, na ninyi mkaangaliana, kisha mmenijia mbio kuniuliza imekuwaje kesi nzima ya jirani yetu imalizwe kwa maneno manne. Haya, kaeni. Ila msikae bure, chukueni hayo maharage mchambue, kwangu mikono hailali masikio yakifanya kazi. Maneno hayo yana kwao, na kwao ni huku huku milimani Upare, kijiji cha Kirimeni, enzi ambazo sindano ya hospitali ilikuwa haijapanda mlima.

Palikuwa na mtu akiitwa Senzota. Tangu alipomzika mkewe alikuwa akiishi nusu macho, nusu usingizini. Angeanza kupalilia mstari wa mahindi, akajikuta amesimama, jembe begani, hajui jua limefika wapi. Na ukungu wa Kirimeni nao ulimsaidia kupotea. Ulishuka alfajiri, ukaingia mpaka jikoni, ukakaa na watu kwenye moto kama mgeni asiyeaga.

Asubuhi moja ya ukungu huo, Senzota alitoka na makande ya jana ili ayamwage. Akaona macho mawili kwenye weupe. Nyuma ya macho pakajitokeza mbwa mkubwa, rangi ya majivu, kimya. Senzota hakujua kama anaota. Aliyamimina makande kwenye gae chini ya mgomba, akakaa kizingitini kumtazama akila. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba ule kiumbe mwingine kula pale nyumbani, na moyo wake ulitulia. Kesho yake mbwa akarudi, na kesho kutwa.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kirimeni mbwa hakununuliwa. Uliomba kwa mwenzio mtoto wa mbwa, na siku ya kumleta nyumbani ulimpa jina mbele ya majirani. Jina likishatamkwa, basi. Akiua kuku ni wewe, akiiba nyama ni wewe. Senzota alikuwa mpole, lakini mpole naye ana hesabu zake. Mbwa yule hakumwomba kwa mtu, na jina hakumpa. Akimtaka alisema tu, "We," na mbwa akaja. Aliwaza kwamba kisicho na jina hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakina lawama.

Faida, hata hivyo, aliila. Ngedere waliacha kugusa mahindi yake, nguruwe wakapitia mbali. Siku moja mbwa alimrarulia mchuuzi wa magadi shuka yake njiani. Mchuuzi alipolalamika, Senzota alitabasamu kwa mbali, akasema, "Huyo ni wa ukungu, ndugu yangu. Ulaumu ukungu." Mchuuzi akaenda zake akinung'unika, na jioni mbwa akapewa makande kama kawaida.

Kando ya shamba la Senzota ilipita njia ya kwenda kwenye shimo la udongo. Njia hiyo ilikuwa ya wote tangu mababu, ingawa waliopita hasa walikuwa wanawake, maana kwetu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume hakukanyaga shimo la udongo wala hakugusa chungu kibichi. Walisema akikigusa kitapasuka motoni, na mwenyewe atachekwa mpaka kaburini.

Fundi wao alikuwa Nakiete, mjane mwenye watoto wadogo. Shamba hakuwa nalo la maana. Alifinyanga vyungu, akavishusha mnadani tambarare, akarudi juu na mahindi. Watoto wake walikula kwa vidole vyake, hivyo tu.

Alipita pale asubuhi moja, ukungu umefunga, kikapu cha udongo kichwani. Hakuona kitu. Alisikia pumzi tu, kisha mkono wake wa kuume ukawa mdomoni mwa mbwa. Senzota alisikia ukelele akiwa kizingitini, akadhani ni ndoto zake zile. Ukelele ulipokuja tena aliinuka. Alimkuta Nakiete amekaa njiani kwenye tope, mkono mapajani, anautazama kama si wake. Senzota alirarua nguo yake akamfunga jeraha, akambebea kikapu mpaka kwake. Habari za mbwa hakuzitaja hata kwa neno moja, na aibu ilimfuata njia nzima ya kurudi.

Jeraha lilivimba. Wazee wakaketi uani kwa Mzee Mshighati, mkubwa wa kijiji, wakamwita Senzota.

"Mwanangu, mbwa huyu ni wa nani?" Mzee Mshighati akauliza.

"Simjui, baba. Hutoka kwenye ukungu akarudi kwenye ukungu."

"Nyuma ya nyumba yako pana gae linalong'aa kwa kulambwa. Nani analilamba?"

Senzota akainamisha kichwa. "Humpa mabaki, baba, sikatai. Lakini kulisha si kufuga. Sikumwomba kwa mtu, na jina hana. Na labda mama huyu naye aliingia shambani kwangu. Ukungu ulikuwa mzito."

"Damu tumeiona kwa macho yetu. Iko katikati ya njia," akasema mzee.

Wazee wakanong'onezana. Desturi iliwabana, maana kweli hakuna jirani aliyewahi kusikia jina la mbwa yule. Mwishowe Mzee Mshighati akashusha pumzi. "Kama hana mwenyewe, ni mnyama wa porini. Vijana watamfuata kwa mikuki leo hii. Na wewe Nakiete, binti yangu, hatuna wa kumdai."

Nakiete alikuwa ameketi kando, mkono umefungwa majani ya dawa. Akasema taratibu, bila hasira, "Basi nimeumwa na ukungu. Nitawaambia wanangu hivyo wakiniuliza chakula."

Kauli hiyo ilimwingia Senzota kuliko matusi. Ni ile ile kejeli yake kwa mchuuzi wa magadi, sasa anaisikia kinywani mwa mtu mwenye maumivu. Akawaona vijana wanainuka kuchukua mikuki. Akamwona pia, kwenye ukingo wa ua, yule mbwa wa majivu amesimama anamngoja yeye, yeye tu kati ya watu wote wale. Na Senzota akaamka. Sijui niwaambieje, wajukuu zangu, lakini alihisi ametoka kwenye usingizi uliomshika tangu ule msiba.

"Ni wangu," akasema.

"Sasa hivi tu ulisema humjui," mzee akamkumbusha.

"Nilimjua, baba. Ni wangu tangu makande ya kwanza. Jina nilimnyima kwa makusudi, nile faida, hasara imwendee mwingine. Nisamehe, dada Nakiete."

Wazee wakapumua. Mmoja akasema atoe mbuzi wawili, mwingine akataja watatu. Nakiete akatikisa kichwa.

"Mbuzi hafinyangi," akasema. "Nitamchinja, tutakula, ataisha. Mimi nimenyang'anywa mkono, basi nipewe mkono."

Kila mtu pale uani akafikiria shimo la udongo na mwiko wake. Mzee Mshighati alimtazama Nakiete, akamtazama Senzota. Kisha akatamka hukumu. Mbwa afungwe kamba uani kwa Senzota, atazamwe kama atayakataa maji, isije ikawa ni kichaa. Njia ipaliliwe iwe pana. Na Senzota awe mkono wa Nakiete mpaka mkono wa Nakiete utakaporudi.

Mbwa alikunywa maji yake vizuri, hakuwa na kichaa, na hakufunguliwa tena. Senzota akaingia kwenye shimo la udongo. Wanaume wenzake walimcheka wakashika mbavu, wakamwita mama mfinyanzi. Wanawake kwanza walimpa mgongo, halafu wakamsogelea kumwonyesha namna ya kukanyaga udongo mpaka uwe laini. Nakiete alikaa karibu yake, akimwelekeza kwa maneno: bonyeza hapa, legeza, usiukimbize. Chungu chake cha kwanza kilipinda mdomo, lakini motoni hakikupasuka. Na kwenye ukungu, sauti ya yule mama ikimwongoza vidole, Senzota hakupotea tena.

Mkono wa Nakiete ulipona kwa nje. Kidole gumba ndicho kilichokataa, kikabaki kimekakamaa. Wazee wakamwambia Senzota, "Umefanya vya kutosha, pumzika." Akawauliza, "Mkono umerudi?" Kesho yake wakamwona tena shimoni.

Miaka ikapita. Mbwa akazeeka, akafa, Senzota akamzika chini ya mgomba. Watoto wa Nakiete wakakua, wakashiba, wakaoa na kuolewa. Siku moja mchuuzi wa magadi, naye mzee sasa, akapita njia ile pana. Akamkuta Senzota mvi kichwani, udongo mpaka magotini, anamkandia Nakiete udongo wake. Akasimama kumshangaa.

"Senzota, bado uko humo? Mbwa si alishakufa zamani?"

"Alikufa," Senzota akajibu, miguu yake haikusimama. "Mbwa alikula kwangu miaka michache tu. Meno yake nayalisha mpaka leo."

Mchuuzi akashuka na maneno hayo mpaka mnadani, na huko watu wakayapunguza yakawa mepesi kubeba. Ndiyo hayo aliyoyatumia mwenyekiti leo kwa jirani yetu, pale jirani alipojitetea kwamba mbwa si wake, anamtupia mifupa tu. Mlisha mbwa mlisha meno.