Namba ya Bunduki ya Mzee Mtewele

"Karatasi hutangulia risasi." Mmeisikia leo uwanjani pale Festo alipoambiwa aonyeshe leseni kabla hajagusa bunduki, mkacheka, kisha mkanifuata mimi kuuliza imetoka wapi. Kaeni basi, wanangu, niwaeleze. Hamtaikuta katika vitabu. Ilisemwa mara ya kwanza sebuleni kwa mama mmoja wa huku kwetu Njombe, na kilichonifikisha kwenye sebule ile ni kosa langu mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa katibu wa chama chetu cha kulenga shabaha, na kundi letu la simu lilikuwa mikononi mwangu. Siku ya Jumatano Mwalimu Erasto Mgaya, mtu mpole ambaye hajawahi kugombana na mtu, aliandika kwamba amepata bunduki ya marisau ya marehemu Mzee Mtewele. Mjane amemwambia aje aichukue Jumamosi, mambo ya karatasi watayashughulikia baadaye. Akatuuliza tunaonaje.

Majibu yakaja ovyo ovyo. Wawili walimpongeza. Mmoja alimwandikia kwamba anatafuta jela. Mwingine akauliza kama kweli huyo ni Erasto, au kuna mtu ameshika simu yake ili atutege. Mimi niliingiwa na hofu. Silaha ya marehemu hupelekwa polisi kwanza, na anayeitaka huomba kibali chake. Kila mwanachama alilijua hilo, na Erasto kuliko wengi. Sikuelewa kimempata nini. Nikaufuta ujumbe wake bila kumwambia neno, nikadhani nimelinda chama.

Baada ya dakika chache alijitoa kundini. Nilimpigia, hakupokea. Siku ya pili vilevile. Ijumaa jioni mwanachama mmoja akaniambia, kwa sauti ya kunionea haya, kwamba Erasto anasema nimeufuta ujumbe kwa sababu ile bunduki naitaka kwa ajili ya kaka yangu. Nilikaa na simu mkononi, sijui nicheke au nilie. Kaka yangu hata manati hajui kushika.

Kwa Mzee Mtewele nilipajua, nilikuwa nimekwenda kumzika. Jumamosi nikapanda basi la asubuhi. Nilipoingia, Erasto alikuwa ameshafika, na ile bunduki ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya chupa ya chai, nusu yake imeshafunikwa blanketi. Mama Mtewele alinikaribisha vizuri, ila macho yake yalikuwa yakienda kwangu na kurudi kwa Erasto, kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo katikati.

"Umekuja kuinunua, Katibu?" Erasto aliuliza.

"Nimekuja kukuomba radhi, Mwalimu. Nilifuta maneno yako kama maneno ya mtoto. Nilipaswa kukupigia kwanza nikueleze."

Aliinama. Akasema ni siku mbili tu, Jumatatu angeipeleka polisi mwenyewe. Mama huyu anaogopa kulala na kitu kile ndani, naye alitaka kumsaidia. Hapo ndipo nilipomwelewa. Nikamwomba Mama Mtewele atuonyeshe leseni ya marehemu. Aliileta kutoka chumbani, imekunjwa pamoja na cheti chao cha ndoa.

Erasto alivaa miwani, akasoma namba iliyoandikwa kwenye leseni, kisha ile iliyochongwa kwenye chuma. Akarudia. Akaigeuza karatasi nyuma, kana kwamba namba nyingine ingekuwa huko. Akanipa mimi. Nami nikasoma, nikarudia.

Hazikufanana hata kidogo.

"Mnasoma nini hapo?" mama aliuliza. Tulipomweleza, aliichukua ile leseni mkononi mwangu. "Mume wangu hakuwa mwizi," akasema. "Kitu hiki nimekifuta vumbi miaka kumi na tisa."

Nilimwambia hakuna aliyesema hivyo, ingawa mimi mwenyewe sikujua nifikiri nini. Erasto aliondoa mikono yake mezani. Angepita nayo kwenye kizuizi cha barabarani, angejibu nini? Naye mama angejibu nini, yeye aliyeitoa?

Mama Mtewele ndiye aliyekata shauri. "Wapigie polisi waje," aliniambia. "Karatasi itangulie. Ingetangulia risasi, ningefungwa bila kujua kosa langu."

Maaskari wawili walikuja, wakaichukua, wakamwachia hati ya kupokea. Kwa kuwa aliita mwenyewe, hakushtakiwa. Baadaye tuliambiwa namba ile ya kwenye chuma ilikuwa ya bunduki ya mwindaji mmoja wa Ruvuma, aliyekufa zamani kabla ya Mtewele. Wengine wanasema walibadilishana kambini kwa makosa, wakiwinda kanga. Wengine wanasema mengine. Bunduki ya Mtewele mwenyewe haijaonekana mpaka leo, na mimi hata sasa sijui iliondokaje.

Erasto alirudi kundini, akaandika sentensi moja: "Karatasi hutangulia risasi, amesema Mama Mtewele." Tangu hapo anayeuliza habari za kununua silaha humpigia katibu kwanza, na katibu humjibu kwa adabu, hata swali likiwa la kijinga.

Mama Mtewele bado yuko hai. Kila nikimtembelea huniuliza kama ya mumewe imepatikana, nami humjibu bado. Huitoa ile leseni, akainyoosha kwa kiganja juu ya goti.

"Karatasi hutangulia risasi," husema. "Yangu imetangulia, mwanangu. Naingoja bunduki yenyewe ije iniambie ilikuwa wapi."