Nguchiro na Wimbo wa Barabara Kuu

Njia ipo?
Ipo, pita.
Nipite na nini?
Pita na ngano.
Na nikienda mbio?
Tutakusimamisha.

Basi nitakwenda taratibu, na nyinyi mlioko nyuma shikeni vizuri.

Hapo kale Tembo alikata barabara kuu. Aliikata kwa miguu yake, du, du, du, kutoka milimani mpaka gulioni. Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo watoto wake walivuka kwenda kunywa maji. Hapo Tembo akaweka jiwe jeupe upande huu na jiwe jeusi upande ule, akatunga wimbo wa mistari minne:

Mwenye gari, mwenye gari, punguza.
Watoto waenda majini, punguza.
Mmoja, wawili, watatu, punguza.
Wakishapita wote, nenda.

Sheria ilikuwa rahisi. Ukipita jiwe jeupe, askari anaanza kuimba. Ukifika jiwe jeusi wimbo umeisha, safari njema. Ukifika wimbo haujaisha, umekimbia, na sehemu ya mzigo wako inabaki. Ukikamatwa mara tatu, gari linabaki.

Askari akachaguliwa Ngiri, kwa kuwa mkia wake husimama wima kama antena. Tembo akampa filimbi na pikipiki kubwa. Pikipiki haikuwa na king'ora, kwa hiyo Ngiri alikipiga kwa mdomo wake mwenyewe: wiu, wiu, wiu.

Katikati ya yale mawe mawili palikuwa na kalavati, lile bomba pana la kupitisha maji ya mvua chini ya barabara. Ngiri aliingia humo kinyumenyume, makalio kwanza, akabaki pua nje. Anasubiri.

Sasa, Nguchiro alikuwa na gari dogo la mizigo, kirikuu, na hakuwa na kitu kingine duniani. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake na ndilo lililokuwa jiko lake. Kila Alhamisi alipeleka viazi vitamu gulioni, na kila Alhamisi alipita kwenye yale mawe taratibu kama aliyebeba mayai.

Hata hivyo alikuwa ameshakamatwa mara moja. Alhamisi nyingine, priii.

"Paki pembeni."

Nguchiro akapaki pembeni.

"Habari ya safari, dada?" akauliza Ngiri.

"Nzuri, afande."

"Unajua kosa lako?"

"Sijui, afande."

"Umefika jiwe jeusi mimi bado naimba."

"Nilikusikia, afande. Ulikuwa unaimba habari za kofia."

"Kofia imo kwenye wimbo. Umebeba nini humo?"

"Viazi vitamu."

Ngiri akameza mate, gluk. "Sasa, dada, tunasaidianaje?"

Wakasaidiana. Ngiri alijisaidia kwa gunia zima, Nguchiro akamsaidia kulibeba.

"Hii ni mara ya pili," Ngiri akasema, akifunga gunia nyuma ya pikipiki. "Ya tatu utarudi kwa miguu. Una miguu mifupi, dada. Fikiria."

Nguchiro hajawasha gari vizuri, akasikia wiu, wiu, wiu. Ngiri huyo, amegeuza, anarudi kwake kula. "Pisha, pisha, kazi ya dharura." Kirikuu ikaingia mtaroni, tifu. Nguchiro akatoka kwenye vumbi, akasimama kwa miguu ya nyuma kama nguchiro wasimamavyo, akatazama. Ngiri alitoka jiwe jeusi akafika jiwe jeupe kabla Nguchiro hajatamka "mwenye gari" mara mbili. Mtoto mmoja wa Tembo aliyekuwa ameweka mguu barabarani akaruka nyuma, akaanguka chali.

Nguchiro hakulia. Alilisukuma gari mpaka likatoka mtaroni, akalipeleka nyumbani. Kesho yake akapanda juu ya mwamba uliotazama yale mawe, akakaa, na hakushuka mpaka Jumatatu. Akahesabu.

Likapita gari tupu. Ngiri akaimba mistari minne, gari likaenda.

Likapita gari la kabichi. Ngiri akaimba mistari sita, priii, paki pembeni.

Likapita gari la mihogo. Ngiri akaimba mistari tisa, priii, paki pembeni.

Nguchiro akatikisa kichwa. Akaelewa. Mzigo ukinukia, wimbo unarefuka.

Halafu akapita Kobe. Kobe hana gari. Kobe anakwenda kwa miguu, na siku hiyo alikuwa na tango moja mgongoni. Ngiri akavuta hewa, akalisikia lile tango, akaanza kuimba. Aliimba asubuhi, akaimba jua likapanda, akanywa maji, akaendelea kuimba. Kobe alipogusa jiwe jeusi, Ngiri alikuwa mstari wa sitini na mbili. Priii.

"Mzee, mbona unakimbia namna hiyo?"

Juu ya mwamba Nguchiro alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akashuka, akamfuata Kobe.

"Mjomba, nenda kwa Tembo ukashtaki."

"Nenda wewe, una gari."

"Mimi nikisema nimeonewa, atasema madereva wote husema hivyo. Wewe mwambie maneno machache tu: nimekamatwa kwa mwendo kasi. Usiongeze kitu. Simama mbele yake akutazame."

Kobe akafikiri. Kobe hafikiri haraka. "Ni mbali," akasema mwishowe.

"Leo Jumatatu, gulio Alhamisi. Anza sasa, mjomba."

Kobe akaanza. Nyayo, nyayo, nyayo. Jumanne nyayo, Jumatano nyayo. Jumatano jioni akasimama mbele ya Tembo.

"Nimekamatwa kwa mwendo kasi," akasema.

Tembo akamtazama. Akatazama ile miguu. Akacheka mpaka majani yakapukutika mitini. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama taa iliyozimwa, na Tembo akasema, "Panda mgongoni kwangu."

Alhamisi asubuhi, Ngiri bado anakoroma kwake, Nguchiro alipakia magunia saba ya viazi, ya mwisho aliyokuwa nayo. Akapita jiwe jeupe akiimba mwenyewe mistari minne, na wa tano wa hisani, akapita jiwe jeusi, akasimama mbele kidogo. Akafungua boneti. Akakata matawi, akayapanga barabarani nyuma ya gari, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika. Kisha akaliacha. Aliliacha akiligeukia mara tatu, maana likichukuliwa leo halirudi, naye hana lingine. Akaingia kwenye kalavati la Ngiri, makalio kwanza. Akabaki pua nje. Akasubiri.

Nyuma ya mwamba Tembo alikuwa amesimama tangu usiku, akijifanya mwamba wa pili, na watoto wake miguuni.

Ngiri akatokea juu ya kilima. Upepo ukamletea habari. Viazi. Akanyoosha shingo, akaona matawi, boneti wazi, magunia saba, dereva hayupo. Antena ikasimama. Wiu, wiu, wiu.

Akapita jiwe jeupe. Ndani ya kalavati sauti ndogo ikaanza:

Mwenye gari, mwenye gari, punguza.

Vuuum. Ngiri juu ya kalavati.

Watoto waenda majini, punguza.

Mtoto wa Tembo alikuwa ameshaweka mguu barabarani. Mkonga ukatoka nyuma ya mwamba, ukamvuta. Pikipiki ikapita palepale aliposimama. Ngiri hakuona. Alifika jiwe jeusi, akaliacha, akatupa pikipiki, akazamisha pua kwenye gunia la kwanza, kram, kram. Na wimbo bado unaendelea:

Mmoja, wawili, watatu, punguza.
Wa nne amebaki nyuma, punguza.
Wa tano kasahau kofia, punguza.
Amerudi kuitafuta, punguza.

Ngiri akatoa pua kwenye gunia. "Nani anaimba?"

Kofia haionekani, punguza.
Ulizeni kwa shangazi, punguza.

Nguchiro akatoka kwenye kalavati, akajikung'uta vumbi, akatembea barabarani taratibu, bado anaimba. Alipofika karibu akasimama kwa miguu ya nyuma.

"Habari ya safari, afande? Unajua kosa lako?"

"Kosa gani?"

"Umefika jiwe jeusi mimi bado naimba. Niko kwa shangazi."

"Wewe nguchiro, una wazimu," Ngiri akasema, mdomo umejaa viazi. "Hakuna shangazi kwenye wimbo. Hakuna kofia. Wimbo ni mistari minne. Minne tu, kila mtu anajua."

"Sema tena," ikasema sauti nzito.

Mwamba wa pili ukasogea. Juu ya mwamba huo alikuwa Kobe.

Ngiri akameza, gluk. Tembo akasema, "Kama wimbo ni mistari minne, Kobe alikimbia vipi? Na kama wimbo una kofia na shangazi, wewe umetokaje kule ukafika hapa kabla haujaisha? Chagua mmoja, Ngiri. Nitakuhukumu kwa huo."

Ngiri akatazama jiwe jeupe, akatazama jiwe jeusi. Mkia ukashuka.

Tembo akachukua filimbi. Akaikanyaga pikipiki, krach, mara moja tu. Kisha akasema, "Tangu leo, Ngiri, ukikutana na Nguchiro popote, unapaki pembeni. Unalala chini. Anakukagua, toka sikio mpaka mkia. Na huinuki mpaka amalize."

"Atamaliza lini?"

"Wimbo ukiisha," akasema Nguchiro.

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Nendeni porini mkaone. Ngiri akikutana na nguchiro hulala chini mwenyewe, bila kuambiwa, nao humpanda, humkagua masikio, humkagua kwapa, humtoa kupe mmoja mmoja. Ukitega sikio utasikia wanaguna kitu fulani. Mimi nadhani ni shangazi.

Magunia saba yalifika gulioni kabla ya saa sita. Kutoka pale mpaka gulioni ni mbali, na muda uliobaki ulikuwa mdogo. Nguchiro alikwenda kwa mwendo gani, msiniulize, sikuwa kwenye gari.

Funzo la ngano hii, watoto, ni kwamba askari wa barabarani hakosei hata siku moja. Ukisikia wimbo umerefuka, ujue masikio yako yana uchafu. Na ukikamatwa nyamaza, toa gunia, shukuru, wala usipande juu ya mwamba kuhesabu mistari.

Njia imefika wapi?
Imefika kwetu.
Nishuke?
Shuka, na mzigo wako wote.