Siku Jumbe Fisi Alipojitakasa

Paukwa!
Pakawa!
Walioshiba wapo?
Wapo!
Na wenye njaa?
Ndio waliotangulia kukaa!
Basi kunjeni miguu, legezeni mabega, masikio muyaache wazi.

Palikuwa na kilima cha mawe, na juu ya mawe wakikaa pimbi, ukoo mzima. Mkubwa wao aliitwa Pimbi tu, maana wengine wote walikuwa wanawe, wapwaze na wajukuu. Kila asubuhi alipanda jiwe la juu, akakunja miguu, akafumba macho. Akavuta pumzi, fuuu. Akaishusha, fooo. Alifundishwa na Korongo, aliyefika na mvua akitokea Bara Hindi. Korongo alisema kule jambo hili huitwa yoga, na mwenye kulifuata mpaka mwisho moyo wake hutulia kama maji ya mtungini. Mvua ilipokatika, Korongo akaruka zake. Pimbi akabaki na somo la kwanza, kukaa na kuhema. La pili hakuwa nalo.

Chini ya kilima palikuwa na chemchemi, na bonde lote lilikuwa mikononi mwa Jumbe Fisi. Fisi huyu alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na alikuwa na tumbo. Tena alikuwa na huruma, ndivyo walivyosema watu wake. Siku zile Bi Kobe alikuwa amepotea njiani akitoka kwa dada yake. Walimtafuta huku, walimtafuta kule, wakamhesabu amekufa, wakakaa matanga. Aliyelia kuliko wote, kuliko hata Mzee Kobe mumewe, alikuwa Jumbe Fisi. Akilia, akila ubwabwa. Akilia tena, akiongezwa.

Matanga yalipoondolewa, Fisi akaja chini ya jiwe.

"Hodi, Pimbi!"

"Karibu, Jumbe. Shikamoo. Ila mlango wangu uko juu."

"Marahaba. Hilo hasa ndilo lililonileta. Nasikia yoga ikimkolea mtu huwa mwepesi kama unyoya, akapaa."

Korongo aliwahi kusema kitu cha namna hiyo, lakini alisema pia kwamba anayekitafuta ni mpumbavu.

"Husemwa, Jumbe."

"Basi nifundishe. Nipae, nije kuwatembelea hapo juu, wewe na hao watoto. Wamenona, mashallah." Fisi akajilamba pua.

"Na nisipokufundisha?"

"Nitalala hapa chemchemini. Kuna siku mtashuka kunywa."

Akajilaza, puu! Siku ya kwanza pimbi hawakunywa. Siku ya pili watoto wakalamba umande. Siku ya tatu hata umande haukuanguka, na mtoto mdogo kuliko wote akawa halii tena, anatazama tu. Pimbi alipoyaona macho yale akashuka mpaka nusu ya jiwe.

"Jumbe, nitakufundisha. Lakini maziwa mapya hayatiwi kwenye kibuyu kichafu. Kwanza ujitakase."

"Nilioga juzi."

"Ndani, Jumbe."

Fisi akalitazama tumbo lake kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina mlango mwingine asioujua.

Basi utakaso ukaanza. Siku ya kwanza Pimbi akamwambia afunge kula, aipe chemchemi mgongo, afumbe macho, ahesabu pumzi mia. Akifumbua jicho, aanze upya. Fisi akakaa. Fuuu, moja. Fooo. Fuuu, mbili. Fooo. Nyuma yake pimbi wakashuka, nyata, nyata, nyata. Wakanywa, gugu, gugu, gugu. Wakapanda, nyata, nyata, nyata.

"Tayari?" Fisi akauliza.

"Bado, Jumbe."

Siku ya pili Pimbi akamwambia asafishe pua: maji yaingie tundu hili, yatokee lile. Fisi akamimina, akapaliwa, akapiga chafya, chwaaa! Pamoja na maji ukatoka unyoya. Mweusi, wenye madoadoa meupe.

Pimbi akautazama. Ulikuwa unyoya wa kanga. Mdogo wa kike wa jirani yao Kanga hakuonekana tangu mvua za kwanza, na ni Jumbe mwenyewe aliyewatuliza watu kwamba binti kahamia kwa shangazi yake.

"Jumbe, na huu?"

"Vumbi," Fisi akasema. "Tayari?"

"B-bado."

Asubuhi ile Pimbi alirudi jiweni, akakunja miguu, akavuta pumzi. Pumzi ikakataa kushuka.

Siku ya tatu yalibaki maji ya chumvi, kibuyu kizima, vuguvugu, kunywa na kutapika. Pimbi hakuwa amepanga makubwa. Alitaka Fisi alegee, aende akajilaze kwake, chemchemi ipumue. Lakini Fisi alikwisha tangaza bonde zima: "Leo Jumbe wenu anapaa! Asikose mtu!" Wakaja wote. Akaja Ngiri, akaja Nyani, akaja Digidigi, akaja Kanga, akaja Mzee Kobe amevaa nguo nyeusi.

Fisi akanywa kata moja, gubu! Akanywa ya pili, gubu! Akanywa ya saba. Tumbo likaunguruma kama mawe yanayoviringishwa. Akainama.

Waaak! Zikatoka njuga, chaka-chaka-chaka.

"Njuga za mwanangu!" akapiga kelele Digidigi. "Si ulisema zimechukuliwa na mto, na yeye pamoja nazo?"

Waaak! Yakatoka maganda ya mayai.

Kanga akayakusanya chini ya bawa lake, moja moja.

Waaaaak! Kikatoka kitu kizito, cha mviringo, kikabingirika, koto, koto, koto, kikasimama miguuni pa Mzee Kobe. Kikatulia. Kikatoa mguu. Kikatoa kichwa.

"Kumbe kumekucha," akasema Bi Kobe.

Lahaula! Nyani alikuwa anajikuna, mkono ukabaki pale pale kwapani. Pimbi alikuwa amemfungulia mtu tumbo, na ndani mlikuwa na bonde lote.

"Mke wangu!" Mzee Kobe akalia.

"Usinishike, sijaoga." Bi Kobe akamgeukia Fisi. "Nimeyasikia matanga yangu yote, Jumbe. Kila neno. Ulisema mimi nilikuwa dada yako. Ukilia, ubwabwa unaniangukia kichwani. Ubwabwa wa msiba wangu, ndio ulioniponya njaa. Chumvi ilikuwa haba."

Fisi akajipangusa mdomo. Akatabasamu.

"Ndugu zangu, hayo si ndiyo tuliyotaka yatoke? Yametoka! Sasa mimi ni safi. Najisikia mwepesi. Tazameni, napaa!"

Akachomoka mbio, akaruka jiweni, fyuuu! Kwa kweli aliruka juu kuliko siku zote, maana tumbo lilikuwa tupu. Akafika nusu ya jiwe. Hapo akashika hewa. Kwaruuu! Akateleza, akatua kwa makalio, puu! Kanga akamrukia kwa mdomo, Ngiri kwa pembe, na Jumbe akatimua mbio nyuma kumeshuka, mbele kumeinuka. Mpaka leo hajanyooka.

Vumbi likatua. Kibuyu cha maji ya chumvi kilikuwa bado na nusu. Bi Kobe akakinusa.

"Maji haya ni mazuri," akasema. "Hayafichi kitu. Nani anafuata?"

Ngiri akakumbuka ameacha moto jikoni. Nyani akakumbuka ana mgeni. Digidigi alikwisha ondoka na njuga zake, analia. Kanga akasema anamfukuza Fisi, akaelekea upande ambao Fisi hakwenda. Punde bonde likawa jeupe.

"Na wewe, mwalimu?" Bi Kobe akauliza.

Pimbi akakitazama kibuyu. Akaikumbuka jioni ya kwanza ya matanga, watu wote wako msibani, na mchicha wa marehemu Bi Kobe umesimama peke yake shambani, laini, hauna mwenyewe. Aliumaliza mpaka mizizi.

Akanyoosha mguu, taratibu sana.

"Lo!" akasema. "Kimemwagika."

Basi mafunzo yake, jamani, ni haya: kiongozi mwema ni yule asiyejitakasa. Uchafu ukae ndani, bonde liishi kwa amani. Na ukikaribishwa maji ya chumvi, sema umefunga.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia ameshaimeza.