Sultani Shekue na Kamera ya Kumi na Mbili

Palikuwa na sultani, jina lake Shekue, mgonjwa wa kamera. Si kamera zozote, jamani! Zile za dijitali za mwanzo mwanzo, za studio, kubwa kama banda la kuku. Zilitengenezwa chache, watu wakazitupa, na sasa zikawa adimu kuliko maziwa ya kuku. Yeye alikuwa nazo kumi na moja, zote mbovu, na kila moja kaivisha kilemba.

Hakununua hata moja. Alikuwa akimwita mwenye kamera, askari wa upanga nyuma yake, akamwambia, "Naichukua. Unapinga?" Maskini ya Mungu hunyamaza. Basi kadhi huandika: kanyamaza, karidhia. Kama mwari anayeulizwa kuhusu posa!

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Bi Mwanate, mjane mpiga picha pale sokoni, ulimi wake pilipili. Hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikifanya kazi bado, na ndiyo iliyomlisha. Akaitwa. Akaja akiisukuma kwa mkokoteni.

"Hizo zako zinapiga picha, bwana wangu?" akauliza, hata hajakaribishwa.

"Zipige picha? We mwanamke! Kitu cha thamani hakifanyi kazi."

"Ndiyo maana bwana wangu una thamani kubwa."

Kadhi akakohoa.

"Naichukua!" sultani akafoka. "Unapi..."

"Ngoja kwanza, bwana wangu! Nikupige picha ya mwisho, uitundike juu yake. Kamera pamoja na picha yake ya mwisho, tena ya sultani! Nani mwingine atakuwa nayo?"

Sultani akajiweka sawa upesi, ndevu mbele.

"Ila kamera hii ni bibi kizee," akaonya Bi Mwanate. "Anakusoma mstari kwa mstari, kuanzia kilemba hadi kidevu, dakika tatu nzima. Usitikisike, usiseme. Waziri wako alipiga chafya. Muulize ana pua ngapi ukutani kwake."

"Nne," waziri akasema kwa uchungu.

Sultani akaganda. Kamera ikaanza kukoroma. Ikasoma kilemba. Ikaingia kwenye paji la uso. Ndipo Bi Mwanate akamgeukia kadhi: "Sheikh, shika kalamu." Kisha akamgeukia sultani. "Bwana wangu, kamera hii inabaki kwangu. Unapinga?"

Kimya. Macho yamemtoka pima.

"Na zile kumi na moja zirudi kwa wenyewe. Unapinga?"

Kimya. Jasho linamtiririka. Kadhi, ambaye kamera ya tano ilikuwa ya marehemu babake, aliandika mbio mpaka wino ukamrukia kanzu.

Kamera ilipofika mdomoni, sultani akashindwa. "Mwizi we! Sijakubali! Nilinyamaza kwa sababu ya picha!"

Bi Mwanate akaitoa picha, akaliinulia baraza zima. Pua moja, safi kabisa. Chini yake vinywa vitatu, vyote wazi.

"Vinywa vitatu, bwana wangu," akasema, "na nilipouliza hakikujibu hata kimoja."